HERUFI ISHIRINI NA TISA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wenzangu wa bweni wameniuliza mara nyingi kwa sababu gani tangu mwezi wa Januari nakaa ukingoni mwa kitanda baada ya prepo, midomo imechongoka kama ya mtu apigaye mluzi, nikitoa sauti ambazo si Kiswahili, si Kiingereza, wala si lugha ya kabila la mtu yeyote hapa shuleni. Wengine walisema ni jino. Mmoja alikwenda kumwarifu matroni. Basi, kwa kuwa Mhariri amenipa nafasi, naeleza: najifunza herufi za Kinorwei na namna ya kuzitamka.

Sababu yenyewe ni Bibi yangu mzaa mama, akaaye Morogoro chini ya milima ya Uluguru. Mjomba alikwenda Norwei kusomea misitu katika chuo kilichoko mji wa Ås, chuo ambacho kwa miaka mingi kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine cha hapo Morogoro. Alipomaliza masomo alioa huko huko, akahamia Bergen, mji wa pwani ya magharibi ujulikanao kwa mvua. Ana watoto wawili, wa kike mwenye miaka kumi na wa kiume mwenye miaka saba. Watoto hawa hawajui Kiswahili ila maneno machache ya mezani. Mimi simhukumu Mjomba kwa jambo hilo, maana nami najua kidogo sana Kiluguru. Lakini kila apatikanapo mtu wa kuja huku, watoto humwandikia Bibi barua kwa mkono wao, kwa Kinorwei, na Mjomba hutia tafsiri chini yake. Bibi husomewa tafsiri, kisha hukunja karatasi na kuitia katika kopo la biskuti.

Desemba iliyopita Mjomba alikuja likizo. Bibi akamwambia mbele yetu sote, "Maneno yako wewe nayajua, nimekuzaa mimi. Humu ndani ya kopo mna maneno ya wajukuu zangu. Nataka kuyasikia jinsi walivyoyasema." Mjomba akataka kumsomea pale pale. Bibi akakataa. "Wewe utaondoka," akasema. "Mfundishe atakayebaki." Wote wakanitazama mimi.

Mtu ataniuliza, mbona wasizungumze naye kwa simu? Huzungumza. Lakini watoto ni watoto. Wakiambiwa semeni na bibi yenu hunyamaza kimya, au hucheka wakakimbia. Tena Mjomba aliwahi kutuletea sauti zao katika simu ya Mama, wakisoma barua zao wenyewe. Bibi alisikiliza mara moja, akairudisha simu. Alisema simu haisimami pale mtu anapotaka kuuliza.

Basi kwa majuma mawili Mjomba alinifundisha kila jioni barazani, nami nikaandika yote nyuma ya kauntabuku langu la Jiografia. Kisha akarudi kwake, nikabaki na daftari.

Kinorwei kina herufi 29. Ishirini na sita ni zile zile tulizozisoma Darasa la Kwanza katika Kiingereza, na tatu zimewekwa mwisho, baada ya Z: nazo ni Æ, Ø na Å. Herufi C, Q, W, X na Z zimo katika orodha, lakini hukaa kama wageni, kwani huonekana zaidi katika majina ya watu na maneno ya kuazima. Mtu atafutaye neno Ås katika kamusi asihangaike kurasa za mwanzo. Afungue nyuma kabisa. Hata jina la zamani liandikwalo kwa A mbili, kama Aasen, hupangwa pamoja na Å. Hapa kwetu mwenye jina hilo angekuwa wa kwanza kuitwa katika mahudhurio na wa kwanza kuulizwa swali. Kwao ni wa mwisho, na kengele huenda ikalia kabla hajafikiwa.

Kuzikariri herufi kulinichukua siku moja. Taabu ilikuwa katika sauti, na hasa irabu.

Sisi tumezoea irabu tano zisizodanganya. U ya kuku ni ile ile u ya Mkuu wa Mkoa. Kinorwei kina irabu tisa katika maandishi, a, e, i, o, u, y, æ, ø, å, na namna rahisi ya kuzielewa ni kudhani kwamba zamani zilikaa mahali zinapokaa zetu, kisha siku moja zikahama nyumba. Herufi O ilitoka kwake ikaingia katika nyumba ya U. Kwa hiyo sol, yaani jua, hutamkwa "sul", na bok, yaani kitabu, ni "buk". Mji wao mkuu tuuitao Oslo, wenyewe huuita "Uslu", na wengi wa pande hizo husema "Ushlu". Nyumba ya O iliyoachwa wazi ikachukuliwa na Å: Ås ni "os", na år, yaani mwaka, ni "or". (Si kila O iliyohama, ile ya Norge, jina la nchi yenyewe, ipo pale pale ilipokuwa. Mjomba alisema nisiulize kwa nini.)

Sasa U, iliyofukuzwa kwake, imekwenda kukaa mahali ambapo katika Kiswahili hapana hata kiti. Ipo katikati ya i na u. Na mbele yake, karibu zaidi na meno, imekaa Y. Somo la Mjomba lilikuwa hivi: "Sema i. Uache ulimi pale pale. Sasa chongoa midomo." Sauti itokayo ndiyo Y, kama katika neno by, yaani mji. Ø ni vivyo hivyo, ila mtu huanza na e: øye ni jicho, øre ni sikio. Æ haihitaji kuchongoa midomo bali kuifungua wazi kama mbuzi anayemwita mwanawe, na si mzaha, kwani Wanorwei wenyewe huandika mlio wa kondoo bæ.

Mtu anayetaka kufahamu kwa nini wenzangu walidhani naumwa jino na aseme Y na Ø kwa zamu mara ishirini mbele ya kioo.

Jambo jingine lililo geni kwetu ni kwamba konsonanti ikiandikwa mara mbili huifupisha irabu iliyo mbele yake, na ikiandikwa moja mara nyingi irabu huvutwa. Takk, kwa a fupi, ni asante. Tak, kwa a ndefu, ni paa la nyumba. Wanorwei wakitaka kushukuru sana husema tusen takk, yaani asante elfu moja; mgeni avutaye a huwa amewatakia watu mapaa elfu moja. Hali kadhalika penn ni kalamu, na pen ni mzuri wa sura.

Kuhusu Å nilipata kisa kizima, na kwa kuwa nakipenda kuliko sarufi, nitakaa hapo kidogo.

Herufi hii ni changa. Waswidi waliitumia tangu karne ya 16, lakini Wanorwei waliipokea rasmi mwaka 1917, na Wadenmark wakangoja hadi 1948. Kabla yake sauti hiyo iliandikwa kwa A mbili. Ndiyo maana Mfalme Haakon wa Saba, aliyetawala Norwei kuanzia 1905 hadi 1957, jina lake lina A mbili ingawa hutamkwa kwa sauti ya Å. Kale kaduara kalikokaa juu ya A asili yake ni o ndogo, waandishi waliipandisha juu kuonyesha kuwa a hii imeelekea o. Katika visiwa vya Lofoten, kaskazini mwa nchi, kuna kijiji ambacho jina lake lote ni Å, maana yake kijito. Nadhani ndicho kijiji kilicho rahisi kuliko vyote kuandika juu ya bahasha.

Lakini kwa nini nchi ichelewe hivyo kuchagua herufi za lugha yake? Kwa sababu kwa karne nyingi Wanorwei hawakuandika lugha yao. Norwei iliungana na Denmark mwaka 1380, na muungano ule ukadumu hadi 1814. Ulianza kwa kuwa na mfalme mmoja, ukaishia Wadenmark kuwa mabwana. Biblia ilisomwa kwa Kidenmark, sheria ziliandikwa kwa Kidenmark, na mtoto aliyejua kusoma alisoma Kidenmark, huku nyumbani akisema kama wazee wake. Mwaka 1814 nchi ilitolewa mikononi mwa mfalme wa Denmark ikawekwa chini ya mfalme wa Uswidi, na ilipofika 1905 ikajitawala kabisa. Katika muda huo watu walianza kuulizana: tuandike nini sasa?

Wawili walijibu, kila mmoja kwa njia yake. Ivar Aasen, mtoto wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1813, alizunguka nchi akisikiliza watu wa vijijini na kuandika maneno yao, akatoa sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850. Kutoka katika maneno hayo akaunda lugha ya kuandikia. Knud Knudsen, aliyekuwa mwalimu wa shule, alitaka Kidenmark kile kile kirekebishwe polepole kifuate matamshi ya Wanorwei wa mijini. Mwaka 1885 Bunge lao likakubali zote mbili ziwe sawa, na tangu 1929 ile ya Aasen huitwa nynorsk, na ile nyingine, ambayo ina watumiaji wengi zaidi, huitwa bokmål. Hadi leo zinakwenda pamoja, na wanafunzi hujifunza zote mbili. Kwetu sisi mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na shauri likaisha, ingawa watu wa Mombasa na Lamu walikuwa na la kusema. Wanorwei hawakuweza kukubaliana hivyo, nami siwalaumu, ila nawahurumia wanafunzi wao siku ya mtihani.

Mabadiliko ya mwaka 1907 ndiyo yaliyonipendeza zaidi. Kabla yake kitabu kiliandikwa bog, kwa kuwa Wadenmark ndivyo walivyoandika, na njia ya mjini iliandikwa gade. Wanorwei walikuwa wakisema k na t siku zote. Mwaka ule wakaruhusiwa kuandika bok na gate. Yaani mtu wa umri wa babu alikuwa ametamka neno sawasawa maisha yake yote, na kitabu ndicho kilichomfuata.

Hata hivyo walibakiza herufi nyingi zisizotamkwa. H iliyo mbele ya V au J haisikiki, ndipo hva, yaani nini, ikawa "va", na hjem, yaani nyumbani, ikawa "yem". G iliyo mbele ya J hali kadhalika: gjøre, kufanya, huanza kwa sauti yetu ya y. D mwishoni mara nyingi hufa: god ni "gu", na land, nchi, ni "lan". Neno det hupoteza t yake. Neno og, yaani na, linabaki å peke yake. Na herufi K ikifuatwa na I, Y au J hugeuka sauti nyingine, na SK katika hali hiyo hugeuka "sh". Kwa hiyo zile mbao za kutelezea juu ya theluji, ski, zijulikanazo dunia nzima kwa k, huko zilikotoka huitwa "shi". Treni itokayo Oslo kwenda Ås hupita mji uitwao Ski, na Mjomba alipofika mara ya kwanza alikaa dirishani akingoja mji wa "Ski" utangazwe, akausikia ukitangazwa kwa jina asilolijua.

Sasa nije kwenye barua yenyewe. Hii ndiyo niliyopewa kuwa kazi yangu, imeandikwa na yule mtoto wa kike baada ya Bibi kumpelekea gauni la kitenge:

Kjære farmor. Takk for kjolen. Jeg har den på meg i dag. Det regner hver dag her. Lillebror har mistet en tann. Hva gjør hønene dine? Jeg er glad i deg.

Maana yake: Mpendwa Bibi. Asante kwa gauni. Leo nimelivaa. Huku mvua inanyesha kila siku. Mdogo wangu ameng'oka jino. Kuku wako wanafanya nini? Nakupenda.

Neno farmor ni zuri kwa mtu wa kwetu, maana halisemi bibi tu kama Waingereza wasemavyo. Far ni baba, mor ni mama, hivyo farmor ni mama wa baba, yaani bibi mzaa baba. Mimi, kwa Bibi huyo huyo, ningepaswa kusema mormor. Hutamkwa "farmur" na "murmur", kwa ile O iliyohama.

Lakini kabla ya farmor lipo kjære, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Sauti ya KJ haimo katika Kiswahili. Si k, si sh. Mtu huinua ulimi karibu na kaakaa kama anayetaka kusema y, kisha hupuliza hewa tu, kama aliyeungua na chai ya bwaloni. Mjomba alikuwa mkali sana juu ya sauti hii, kwani kjære ni mpendwa, lakini skjære, yenye "sh", ni kukata, tena ni jina la ndege mmoja wa jamii ya kunguru. "Hatutaki umwambie mama yangu kunguru," alisema. Nikaifanyia mazoezi mwezi mzima.

Likizo ya Aprili nilipopata simu ya Mama na kusikiliza sauti za watoto wenyewe, nilikuta mambo mengine. Yule mtoto anasema "shære farmor". Wazi kabisa, sh. Mjomba, alipoulizwa, alijibu kwa maneno marefu kwamba vijana wengi wa miji mikubwa, Bergen ikiwamo, hawatenganishi tena sauti hizo mbili, na kwamba wazee hulalamika, naye amelalamika nyumbani kwake hadi amechoka. Licha ya hayo, jeg, yaani mimi, ambayo Mjomba alinifundisha kama "yai", maana yeye alijifunzia Ås karibu na Oslo, watoto wanaisema "eg". Hva wanaisema "ka". Na R yao si R ya Mjomba. Ya Mjomba hugongwa kwa ncha ya ulimi kama yetu. Ya watoto hutoka kooni, kama walivyo watu wa Bergen na Stavanger. Katika nyumba moja baba anasema Kinorwei cha mashariki na watoto cha magharibi, na wote wanaandika sawa.

Baadaye nilijua kwamba hili ni jambo la kawaida nchini mwao. Hakuna namna moja ya kusema iliyowekwa kisheria. Watu husema lahaja zao hata bungeni na redioni. Neno hilo la mimi pekee lina sura nyingi: jeg, eg, je, e, i, na upande wa Trondheim na kaskazini ni æ. Huko Trondheim mwanafunzi anaweza kusema, "Æ e i A, æ å," maana yake, Mimi pia nimo darasa la A. Ni sentensi nzima isiyo na konsonanti hata moja. Niliwafundisha wenzangu wa mkondo wa A, nao waliisema kwa majivuno kuliko ilivyopasa.

Basi ikanibidi kuamua. Nimsomee Bibi kama Mjomba alivyonifundisha, ambako ndiko kuliko sahihi vitabuni, au kama watoto wanavyosema? Niliwaza sana juu ya hilo, hata katika kipindi cha Hisabati. Mwishowe nilikumbuka Bibi aliomba nini. Hakuomba Kinorwei sahihi. Nikaamua kufuata watoto, nikaitia ile KJ ya Mjomba akiba.

R ya kooni ilinijia kwa msaada wa rafiki yangu wa Tanga, aliyesoma Kurani tangu utotoni. Alinisikia nikihangaika, akasema, "Hiyo ni karibu na ghaini. Sema ghali. Sema lugha. Usiseme gali na luga kama watu wa bara." Tulikaa nyuma ya bweni tukisema ghali, ghafla, ghorofa, hadi koo likazoea. Mwenzangu mwingine, wa Bukoba, alinisaidia kwa jambo ambalo vitabu havilionyeshi kwa alama yoyote, nalo ni wimbo wa neno. Katika Kinorwei maneno mawili yaweza kuwa na sauti zile zile yakatofautiana kwa kupanda na kushuka tu. Bønder ni wakulima. Bønner ni maharage. Na kwa kuwa d ya bønder haitamkwi, masikio ya Mswahili husikia neno moja. Kwa matamshi ya Oslo, la kwanza huanzia chini likapanda. La pili huanzia juu, likashuka, kisha likapanda tena. Mimi sikusikia tofauti. Nilipomwiga Mjomba mbele ya yule wa Bukoba, alisema papo hapo lipi ni lipi, kwa sababu Kihaya nacho kina mambo hayo, na mama yake alimfundisha bila kujua kuwa anafundisha. Niongeze kwamba bønner hiyo hiyo, bila kubadili wimbo, ni maombi pia. Katika bwalo letu halina haja ya kutenganishwa, kwani kila jioni moja hufuata jingine.

Mwezi wa Juni nilimsomea Bibi. Alikaa juu ya kigoda, kopo likiwa mapajani. Nilisoma polepole, nikasimama kila aliponyosha mkono. Aliuliza habari ya "shære", nikamwambia ni mpendwa. Akauliza habari ya jino, ni la juu au la chini, nami sikuweza kumwambia. Nilipofika kwenye hønene, kuku, akanirudisha nyuma mara tatu, akacheka, akasema, "Anawakumbuka kuku, na hajawaona." Katika yale maneno ya mwisho, jeg er glad i deg, nilimweleza kwamba neno kwa neno ni kama kusema nina furaha ndani yako, na kwamba d ya glad haisikiki. Alitaka kujua imekwenda wapi.

Kisha akasema tuandike jibu, na wao walisikie kwa sauti yake, si kwa tafsiri.

Hapo ndipo nilipoona kuwa hesabu inageuzwa kinyume. Mtoto wa Bergen akiona Hujambo ataisoma "Hiyambu" au kitu kama hicho, kwa maana J yake ni y yetu, U yake haipo kwetu, na O yake ni u. Ikanipasa kuzirudisha irabu katika nyumba zao. U yetu niliiandika O. O yetu niliiandika Å. J yetu niliifanya DJ. Sh ikawa SJ. Hujambo ikawa Hodjambå. Jua ikawa djoa. Bibi yako ikawa Bibi jakå, na neno Bibi lenyewe halikubadilika hata kidogo, jambo lililompendeza sana mwenyewe. Neno wajukuu lilinitesa, kwa sababu W yetu hawana, nikaandika oadjokoo. Bibi aliagiza hasa kwamba watoto wajue kumwamkia, nikaandika kwa herufi kubwa juu ya karatasi: SJIKAMÅ. Alilitazama neno hilo kwa muda, akauliza kwa nini Shikamoo yake imevikwa pete.

Barua iliondoka na mwalimu mmoja wa Morogoro aliyekuwa anakwenda Ås. Mimi nikarudi shuleni. Siku ya wazazi kututembelea, mwezi wa Agosti, Mama alinieleza kuwa Jumapili moja simu ililia, Bibi akapewa, na upande wa pili pakawa kimya kama kawaida. Halafu yule wa kike akasema neno moja, lote kwa mkupuo, mkazo ukiwa mwanzoni. Bibi akaitikia Marahaba, akalirudia mara ya pili kwa sauti kubwa, maana alidhani Bergen ni mbali.

Yule mdogo bado hucheka akakimbia. Nimeanza barua yake peke yake, ya maneno matano.